Picha za Chama Zisipotee

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya makatibu, makarani na wajumbe wa vyama vya msingi, katika sherehe za kutimiza miaka kumi



Kamati ya sherehe ilipotuagiza kutafuta picha za kupamba kijitabu hiki, tuliipokea kazi hiyo kwa furaha, tukidhani kuwa ni kazi ya siku mbili. Chama chetu Kikuu kimetimiza miaka kumi, na katika miaka hiyo hapana mkutano mkuu, wala ufunguzi wa ghala, wala msimu wa kupima kahawa uliopita bila ya mtu kusimama na kamera. Tulijua kwamba picha zipo. Tulijua hata kabati zilimowekwa. Basi tulifungua kabati, tukatoa boksi, na hapo ndipo tulipotambua kwamba kuwa na kitu na kuweza kukitumia ni mambo mawili mbalimbali.

Mlikuwa na sidii nyingi, flashi kadhaa, kadi za kamera, na diski moja ya nje. Sidii nyingine zilifunguka mara moja. Nyingine zilizunguka ndani ya kompyuta zikilia kama kinu kisicho na nafaka, zisitoe kitu. Flashi moja ilisema kwamba haina kitu kabisa, ingawa sisi wenyewe tulikumbuka kuijaza. Ile diski ya nje iligonga mara tatu, ikanyamaza. Picha ambazo umri wao haujafikia hata wa mtoto wa darasa la tano zilikuwa zimekwisha kuzeeka kuliko wazee tulioketi nao hapa.

Lakini pambo la kijitabu ni jambo dogo. Liko jambo lililotuuma zaidi, na ingawa ni aibu yetu wenyewe twaona yafaa tuliseme mbele yenu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika chama kimoja cha msingi, mvua ya masika ilipenya paa la ofisi ikalowesha daftari la mizani. Karani wa chama hicho, ambaye ni mtu mwangalifu, alilianika daftari, na kabla kurasa hazijaota ukungu alizipiga picha moja baada ya moja kwa simu yake. Picha hizo alizitia katika sidii, akaileta kwetu. Sisi tuliipokea, tukaandika jina juu yake kwa kalamu ya wino mkali, tukaiweka juu ya kabati, chini ya bati, mahali ambapo joto la mchana ni kama la tanuri. Tukadhani tumeihifadhi.

Kisha akaja mjane mmoja kudai malipo ya pili ya kahawa aliyoipeleka marehemu mumewe. Dai lake lilikuwa la haki, na alilieleza kwa adabu. Tulipotafuta daftari, mchwa walikuwa wamekwisha kulila. Tulipotia sidii katika kompyuta, haikusomeka. Mama yule alikaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu asubuhi hata alasiri, na sisi hatukuwa na jibu la kumpa. Siku zile tulijaribu kompyuta ya pili na ya tatu, na ile ya tatu ikatoa karibu nusu ya kurasa. Nusu nyingine ilipatikana kwa bahati, kwa kuwa karani yule alikuwa ameitunza kadi ya simu yake ya zamani katika kopo la majani ya chai. Ukurasa wa marehemu ulikuwa katika nusu hiyo ya pili, na mjane akalipwa. Lakini kurasa nne hazikuonekana mpaka leo, na wanachama waliopima kahawa katika siku za kurasa hizo wamebaki kutegemea ushahidi wa majirani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari, na picha ya daftari tulikuwa nayo, na bado mali ilikaribia kupotea.

Bwana Mwenyekiti, twapenda kwanza kueleza kwa nini vyombo hivi huharibika, maana asiyejua ugonjwa hawezi kujua dawa.

Sidii tunayoiandika wenyewe ofisini ina utando mwembamba wa rangi ndani yake. Mashine huichoma rangi hiyo kwa mwali, ikatia alama ndogo sana, na alama hizo ndizo picha zetu. Jua, joto na unyevu huififisha rangi ile kama vile vinavyofifisha rangi ya kitambaa. Tena watu wengi huulinda upande wa chini, ule unaong'aa, wakauacha upande wa juu wenye maandishi. Kumbe katika sidii utando wenyewe uko karibu zaidi na upande wa juu, na mkwaruzo wa hapo ndio mbaya kuliko ule wa chini. Wino mkali nao waweza kuudhuru, na karatasi iliyogandishwa juu yake kadhalika. Makosa hayo yote tuliyafanya.

Flashi na kadi za kamera hazina kitu kinachozunguka. Ndani yake mna vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila chumba hushika chembe za umeme. Zikikaa kabatini miaka mingi bila kutumiwa, umeme ule huvuja polepole, hasa palipo na joto, hata chumba kisiweze kueleza kilichokuwa ndani yake. Kuziandika na kuzifuta mara nyingi mno pia huzichosha. Na katika nchi yetu flashi ina adui mwingine, nao ni virusi, maana hupita kutoka ofisi moja hadi nyingine, na hadi duka la kuchapisha karatasi, kama mgeni asiyenawa mikono.

Diski ya nje ya aina ya kawaida ina sahani zinazozunguka kwa kasi, na juu ya kila sahani kichwa kinachosoma huelea pasipo kuigusa. Ikianguka, au ikitikiswa inapofanya kazi, kichwa chaweza kuigusa sahani na kuikwaruza. Ikisikika ikigonga, yafaa izimwe mara moja isijaribiwe tena na tena, maana kila jaribio laweza kuongeza jeraha.

Hata chombo kikiwa kizima, mashine ya kukisoma yaweza kutoweka. Angalieni kompyuta mpya za kubeba: nyingi hazina tena mahali pa kutilia sidii. Basi tunaweza kuwa na sidii nzima isiyo na doa, tukakosa mlango wa kuingilia.

Msidhani kwamba mambo haya hutupata sisi tu kwa sababu ya uchache wa fedha. Katika mwaka wa 1086 makarani wa Mfalme William wa Uingereza waliandika juu ya ngozi habari za mashamba, mifugo na kodi za nchi ile. Kitabu hicho kipo mpaka leo na chasomeka. Katika mwaka wa 1986, kwa kuadhimisha miaka 900 ya kitabu hicho, shirika la utangazaji la BBC lilikusanya picha, ramani na maandishi ya watu wengi, wakiwamo watoto wa shule, likayatia katika santuri kubwa za kusomwa kwa mwali. Haikupita miaka ishirini, mashine za kuzisoma santuri hizo zikawa adimu. Ilibidi wataalamu wa chuo kikuu cha Leeds na wenzao wa Michigan, Marekani, wafanye kazi ya kutengeneza programu ya kuiga mashine ile ya zamani, na mwaka wa 2002 wakaonyesha kwamba habari zile zaweza kufunguka tena. Ngozi ilikuwa imedumu zaidi ya miaka mia tisa, na santuri ilihitaji mganga kabla ya kutimiza miaka ishirini.

Hata shirika la anga la Marekani, NASA, lenye fedha nyingi na wataalamu wengi, lilikaribia kupoteza picha zake. Katika miaka ya 1966 na 1967 vyombo vitano viliuzunguka mwezi vikipiga picha, na picha hizo zikatunzwa katika kanda za sumaku. Mama mmoja mtumishi wa huko, Nancy Evans, alikataa kanda hizo zisitupwe, na baadaye akazipokea mashine za kuzisomea, akazitunza kwake kwa miaka mingi. Tangu mwaka wa 2007 mafundi walizikarabati mashine hizo katika jengo lililokuwa zamani mkahawa wa McDonald's, na mwaka wa 2008 wakaitoa tena picha ya dunia yetu ionekanavyo kutoka mwezini, picha iliyopigwa mwaka wa 1966. Basi picha hizo za mwezi ziliokolewa na mtu mmoja aliyekataa kutupa kitu. Yule karani wetu mwenye kopo la majani ya chai ni ndugu wa mama huyo.

Ndugu zangu, Waswahili husema akiba haiozi. Hilo ni kweli kwa fedha iliyowekwa vizuri. Lakini picha zilizo katika sidii na flashi ni akiba inayooza. Haifai kuzifungia kama dhahabu. Yafaa kuzifanyia kama mbegu, ambayo mkulima huipanda tena kabla haijapoteza nguvu ya kuota. Kila baada ya miaka michache hatuna budi kuzihamisha kutoka chombo cha zamani na kuzitia katika kipya. Sasa twataka kueleza tulivyofanya, ili kila chama cha msingi kiweze kufanya vivyo hivyo.

Kwanza, tulihesabu. Tulichukua daftari jipya tukaandika kila chombo, aina yake, kimetoka wapi, kina nini, na kama chafunguka. Tulianza na vile vilivyo wagonjwa na vile visivyo na nakala nyingine, maana mganga mwema haanzi na mgonjwa wa mafua akamwacha anayetokwa na damu.

Pili, hatukuandika kitu chochote katika chombo cha zamani. Kadi nyingi za kamera zina kitufe kidogo ubavuni cha kuifunga isiandikwe; tulikisogeza kabla ya kuanza. Picha zilizofutwa kwa bahati mbaya mara nyingi zingaliko ndani ya kadi mpaka picha mpya zitakapokalia nafasi zao. Kwa hiyo mtu akifuta picha kwa makosa, asipige nyingine katika kadi hiyo. Iko programu ya bure iitwayo PhotoRec iwezayo kuzitafuta.

Tatu, sidii iliyokataa tuliifuta vumbi kwa kitambaa laini, kutoka katikati kuelekea ukingoni, wala si kwa kuzungusha. Kisha tuliijaribu katika mashine mbalimbali, maana sidii yaweza kukataliwa na mashine moja ikapokewa na nyingine. Kwa vile vilivyosumbua zaidi tulitumia programu nyingine ya bure, ddrescue, ambayo husoma kwanza sehemu zilizo nzima, ikaweka alama palipoharibika, kisha ikarudi kupajaribu tena taratibu.

Nne, tulinakili, hatukukata na kubandika. Makarani wenzetu, twawasihi mlishike jambo hili. Ukikata picha mahali pamoja ili kuipeleka pengine, na umeme ukakatika katikati ya njia, waweza kukosa huku na huku. Nakili kwanza, hakiki, ndipo ufikiri juu ya kufuta.

Tano, tulihakiki. Hapa kila mkulima ataelewa, maana ndiyo kazi ya mizani. Gunia linapotoka kwenye chama cha msingi hupimwa, na likifika ghala kuu hupimwa tena. Uzito ukiwa mmoja, mwendeshaji wa lori huenda zake kwa amani. Picha nayo ina mizani yake. Kompyuta yaweza kuihesabu faili yote na kutoa alama moja ndefu. Kwa njia moja inayotumika sana, iitwayo SHA-256, alama hiyo ina tarakimu na herufi 64. Nukta moja ya picha ikibadilika, alama yote hubadilika. Tulipima kabla ya kunakili, tukapima baada ya kunakili, na alama zikilingana tukajua kwamba mzigo umefika mzima. Kompyuta za Windows na za Linux zina uwezo huo ndani yake, pasipo kununua kitu.

Sita, tuliweka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake tukaipeleka mbali na ofisi. Kanuni hiyo ya tatu, mbili, moja ilienezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, na wenye kutunza picha wengi huifuata. Nakala tatu zilizo katika kabati moja ni sawa na nakala moja, maana moto hauulizi idadi, na mwizi akibeba kompyuta hubeba na diski iliyo pembeni yake.

Tumeulizwa na wengine kama kunakili mara nyingi hakuichakazi picha, kama ilivyokuwa kwa kanda za nyimbo. Hakuichakazi. Nakala iliyopimwa ikalingana ni sawasawa na ile ya kwanza. Kinachoichakaza picha ya aina ya JPEG ni kuifungua, kuibadili na kuihifadhi upya mara kwa mara. Kadhalika kuituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida huipunguza ubora, na tarehe iliyoandikwa na kamera ndani yake huondolewa. Kwa hiyo picha ya daftari la mizani au ya mpaka wa shamba isitumwe kwetu kwa njia hiyo peke yake. Iletwe faili yenyewe. Na saa ya kamera irekebishwe, kwani picha yenye tarehe ya uongo ni shahidi wa uongo.

Baada ya kumaliza kuhamisha tuliona upungufu mwingine ambao hapana mashine iwezayo kuuponya. Picha nyingi zilikuwa nzima, lakini hazikuwa na majina. Tuliona watu wamesimama mbele ya mashine ya kumenya kahawa, wanacheka, na sisi hatukujua ni akina nani. Ndipo tulipowaita wazee, akina baba na akina mama, wakakaa nasi mbele ya kompyuta siku tatu. Mzee mmoja alimtambua ndugu yake marehemu kwa kofia tu. Mama mmoja alinyamaza kitambo mbele ya picha ya mkutano, kisha akatutajia watu kumi na mmoja mmoja baada ya mwingine, akasema ni wanne tu waliobakia. Tuliandika yote. Sasa jina la kila faili laanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ndipo mahali na jambo lenyewe, ili zijipange zenyewe kwa taratibu ya wakati. Na majina ya watu yamo katika orodha inayokwenda pamoja na picha. Kazi hiyo haingoji. Diski ikifa, huenda ikatibiwa. Mzee akituacha, majina aliyoyajua yamekwenda naye.

Twajua wako wanachama watakaouliza, kwa haki kabisa, kwa nini fedha za wakulima zitumike kwa picha, na hali barabara za kuletea kahawa ni mbovu na pembejeo ni ghali. Twawajibu kwa heshima. Picha tunazozisema si za watu kukata utepe. Ni picha za kurasa za mizani, za hati, za mipaka ya mashamba, za mikutano iliyopitisha maamuzi. Chama cha ushirika hakina mtaji mkubwa kuliko imani ya mwanachama kwamba alichokileta kimeandikwa na hakitapotea. Historia ya ushirika katika nchi yetu inatufundisha vivyo hivyo. Vyama vikuu vya Tanzania Bara vilivunjwa katika mwaka wa 1976, na sheria ya kuvirudisha ilipopitishwa mwaka wa 1982, watu walihitaji kuanza tena kujenga kilichovunjwa. Majengo na mamlaka yaweza kuondoka na kurudi. Kumbukumbu ikishapotea hairudi.

Lakini kuhifadhi si kutangaza. Picha zenye nyuso, vitambulisho na hesabu za wanachama si za kusambazwa ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka wa 2022 yatubana, na hata isingalikuwapo, heshima ingalitubana.

Basi, Bwana Mwenyekiti, kwa idhini yako twaweka mbele ya mkutano huu mapendekezo manne. La kwanza, kila chama cha msingi kichague mtu mmoja wa kuzitunza picha, na jina lake liandikwe katika kumbukumbu za kamati, maana kazi ya wote si kazi ya mtu. La pili, Chama Kikuu kinunue diski mbili mpya, moja ikae ofisini mahali pakavu pasipo joto, na nyingine katika mji mwingine. La tatu, nakala zote zifunguliwe na kupimwa mara mbili kwa mwaka, baada ya msimu na kabla ya mkutano mkuu, na habari zake zisomwe mkutanoni kama zisomwavyo hesabu. La nne, zisipite zaidi ya miaka mitano kabla picha zote hazijahamishiwa vyombo vipya, hata kama vya zamani vingali vikifanya kazi.

Kurasa muhimu kabisa tutazichapisha pia katika karatasi. Kijitabu hiki mlichokishika mkononi ni nakala mojawapo: hakihitaji umeme, na kimekwenda katika nyumba nyingi. Kiwekeni mbali na mvua na mchwa.

Mwisho, twamshukuru karani yule, ambaye hakupenda tumtaje jina, na mama yule aliyetungoja bila kututukana. Na tukumbuke kwamba zile kurasa nne bado hazijapatikana. Aliye na simu ya zamani, au kadi, au flashi iliyosahauliwa katika kopo, na alikuwa karibu na ofisi ile wakati daftari lilipoanikwa, twamwomba asiitupe wala asiiandike kitu. Ailete kwetu kama ilivyo.